Biti Ndefu, Mbao Nene

Mteja anataka meza ya kulia ya mvule yenye unene wa inchi tatu, kona zake ziwe za mviringo. Fundi ana rauta nzuri, ana patani ya plaiwudi aliyoichonga na kuipiga msasa, na biti ndefu kuliko zote alizonazo ina makali ya inchi mbili. Imepungua inchi moja. Anazunguka maduka ya Kariakoo akiulizia iliyo ndefu zaidi, anaambiwa zilizopo ni kama hizo alizonazo, mpaka muuzaji mmoja anamwonyesha kwenye simu picha ya biti ya sentimita kumi na tano inayoagizwa kutoka China. Bei si mbaya. Aichukue?

Swali hili huulizwa kila palipo na rauta na mbao nene, Keko hata Gikomba, na kwa kawaida hujibiwa kwa kutajiwa duka. Nadhani jibu la namna hiyo linaruka jambo lenyewe. Wenye viwanda wangeweza kutengeneza makali ya inchi nne na kuyajaza kwenye rafu za kila duka la vifaa; hawafanyi hivyo, na sababu zao ni vizuri zijulikane kabla mtu hajatoa pesa. Tena, kazi nyingi zinazomfanya fundi atafute makali marefu haziyahitaji. Zinahitaji biti inayofika mbali huku ikikata kidogo kidogo, au zinahitaji kifaa kingine kabisa.

Vipimo kwanza, maana hapo ndipo muuzaji na mnunuzi hupishana. Biti ya rauta ina shina linaloingia kwenye koleti, ina makali, na ina urefu wa jumla. Mtu akisema "nipe ya milimita mia" huenda anawaza makali, naye muuzaji akampa yenye urefu wa jumla wa milimita mia, ambayo makali yake hayafiki hata sabini. Biti zilizonyooka za shina la nusu inchi hupatikana bila shida zikiwa na makali ya milimita 25, 32, 38 na 50. Ya 63, yaani inchi mbili na nusu, bado ni bidhaa ya kawaida katika katalogi za Ulaya na Marekani, ila huku kwetu mara nyingi itabidi uagize. Ya 76 ni ya kutafuta. Ukivuka hapo unaingia kwenye biti za mashine za CNC, za kutengenezewa kwa oda, na nyingine ambazo hazikukusudiwa mbao hata kidogo. Nyingi kati ya zile ndefu mno zinazoonekana mtandaoni ni za kukatia povu gumu la plastiki, lile linalopakiwa pamoja na friji na televisheni. Povu halina ukaidi, kwa hiyo biti yake inaweza kuwa ndefu na nyembamba bila madhara. Ukiiingiza kwenye mkongo, umetengeneza kombora.

Kwa nini basi viwanda husimama kwenye inchi mbili na nusu au tatu? Biti iliyobanwa kwenye koleti ni fimbo iliyoshikwa upande mmoja. Ukiisukuma nchani kwa nguvu ileile, kiasi cha kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu uliotokeza: urefu ukiwa mara mbili, inapinda mara nane. Unene hufanya kazi kinyume chake, tena kwa kipeo cha nne, kwa hiyo shina la nusu inchi ni gumu mara kumi na sita kuliko la robo inchi, na linalipita la milimita 8 zaidi ya mara sita. Hata tofauti inayoonekana ndogo, kati ya milimita 12 na 12.7, ni kama robo nzima ya ugumu. Weka juu ya hesabu hiyo ukweli kwamba biti si fimbo iliyojaa: mifereji ya kutolea machicha imekula sehemu kubwa ya chuma, na kiini kinachobaki katikati ya biti ya milimita 12 ni chembamba kuliko macho yanavyodhani.

Kupinda kwenyewe ni sehemu ya milimita tu, na mtu anaweza kusema si kitu. Lakini rauta inazunguka mara 20,000 kwa dakika, na biti yenye makali mawili inagonga mbao mara 40,000. Kila pigo linaisukuma biti nyuma, inarudi, inakuta pigo lijalo. Ukingo unatoka na mawimbi ambayo msasa hauyamalizi upesi, sauti ya mashine inageuka kuwa kilio, makali yanasugua badala ya kukata, na mbao inaanza kuungua. Kasoro ndogo ya koleti iliyochakaa, ambayo kwenye biti fupi usingeitambua, hukuzwa kadiri ncha inavyokwenda mbali. Biti ndefu hufichua ubovu wote wa mashine yako.

Hapo ndipo wenye trima wanapaswa kuachana na mjadala. Mashine hizo ndogo za mkono mmoja, ambazo siku hizi ziko karibu kila karakana kwa sababu ni nafuu, hushika shina la robo inchi au la milimita 6. Zinafaa sana kwa kulainisha kingo, kupachika bawaba na kukata mifereji isiyo na kina. Hakuna biti ya robo inchi ya kukatia mbao ngumu ya inchi tatu, na anayekuuzia kwa jina hilo hakutakii mema.

Hata mwenye rauta kubwa ana mtego wake, nao ni mchanganyiko wa inchi na milimita. Sokoni kwetu bidhaa za Ulaya, Japani, Marekani na China hukaa rafu moja. Shina la milimita 12 linaingia kwenye koleti ya nusu inchi na ukikaza linaonekana limeshika, lakini halijashika. Ndani linagusa mistari michache tu, na likipata mzigo linateleza chini, likizidi kuzama katika kazi. Vivyo hivyo milimita 6 ndani ya robo inchi. Kwa biti fupi kosa hilo huharibu ubao. Kwa biti ndefu huweza kuharibu mkono. Shina liingie angalau robo tatu ya urefu wake, kisha lirudishwe juu milimita mbili tatu ili lisikalie sakafu ya koleti wakati wa kukaza. Kuna pia virefushi vya koleti vinavyouzwa ili kuisogeza biti fupi mbele. Ndani ya meza ya rauta, ambako mashine imefungwa na haitikisiki, vina matumizi yake. Kwa mashine ya kushika mkononi siwezi kumshauri mtu avitumie kwa kazi nzito: umeongeza urefu ule ule uliokuwa unaukimbia, na umeongeza kiungo cha pili kinachoweza kulegea.

Jambo ambalo wanunuzi husahau zaidi ni safari ya mashine yenyewe. Rauta ya kuzamisha hushuka kwa kiasi maalumu. Nyingi za nusu inchi hushuka milimita 60 hadi 70. Kubwa chache hufika 80. Ukifunga biti iliyotokeza milimita 110, mashine ikiwa juu kabisa bado ncha itakuwa imepita kitako. Maana yake utawasha rauta biti ikiwa nje, au utalazimika kuiwasha ikiwa ndani ya mfereji uliokwisha kukatwa. Njia ya salama ni kuanza kwa biti fupi hadi ichimbe kina cha kutosha kuificha ile ndefu, ndipo ubadilishe. Nikimwona mtu ameagiza biti ya inchi sita kwa rauta inayoshuka sentimita sita, najua hakupima.

Mbao zenyewe nazo zina lao. Mninga ni rafiki wa makali: una uzito wa wastani, kama kilo 600 na ushei kwa mita ya ujazo ukikauka, na hukatika safi. Mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, ni mzito zaidi na unadai biti kali na mwendo wa subira. Mvule una nyuzi zinazopishana, kwa hiyo ukingo uleule hukatika laini hapa na kunyofoka hatua mbili mbele. Isitoshe, mvule huficha mawe. Mti ukijeruhiwa hujaza majeraha kwa chokaa inayoganda na kuwa jiwe halisi ndani ya gogo, wakati mwingine dogo, wakati mwingine la kujaza kiganja, bila dalili kwa nje isipokuwa rangi iliyokoza kidogo kandokando yake. Wapasuaji wanalijua kwa meno ya misumeno waliyoyapoteza. Biti fupi na nene ikikutana nalo huvunjika kipande cha makali. Ndefu na nyembamba hukatika kiunoni. Msaji, ule wa mashamba ya Longuza na Mtibwa, hauna mawe ya namna hiyo, ila una silika ndani ya nyuzi zake, na silika hula makali polepole kama msasa. Mpingo ni suala la pekee. Unazama majini kwa uzito wake, na kwa bahati nzuri vipande vyake ni vidogo na hakuna anayeutafutia biti ya inchi nne.

Kwa hiyo makali yawe ya nini? Chuma cha kawaida cha zana, kile kinachoandikwa HSS, hunoleka vizuri sana na hakivunjiki kirahisi, lakini kwenye msaji au mvule makali yake yatakufa kabla ya mchana. Kabaidi ya tungsteni, ambayo Wajerumani waliianzisha miaka ya 1920 na kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina la Widia, hudumu mara nyingi zaidi. Inakuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni vipande vya kabaidi vilivyochomelewa kwenye mwili wa chuma. Ndiyo tunayoijua wengi. Ya pili ni biti iliyo kabaidi tupu kuanzia shina hadi ncha, ambayo kwa unene uleule ni ngumu kupinda takriban mara tatu kuliko chuma. Kwa biti ndefu tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu biti ndefu za CNC karibu zote ni za kabaidi tupu. Gharama yake ni kwamba haina msamaha: chuma hupinda kwanza na kukupa onyo, kabaidi hukatika ghafla. Utaitambua kwa mkono, kwa kuwa ni nzito karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa uleule. Kwa zile za kuchomelewa, kagua mshono: uwe umejaa bila vitundu, na kipande cha kabaidi kiwe na unene wa kunoleka tena. Kipande chembamba kama ukucha ni cha kutumia mara moja. Kunoa nyumbani hufanywa kwa jiwe la almasi, upande wa ndani ulio bapa, kamwe si mgongoni, maana mgongoni utapunguza kipenyo na kuharibu ulinganifu wa makali mawili.

Umbo nalo lina uzito katika shimo lenye kina. Biti yenye makali yaliyonyooka hukata kwa pigo zima la urefu wake na machicha hubaki chini, yakisagwa upya na kuongeza joto. Yenye makali yaliyojipinda kwenda juu huyavuta machicha nje ya shimo na hukata kwa mfululizo, hivyo hutetemeka kidogo, ingawa huweza kunyofoa mdomo wa juu wa shimo. Iliyojipinda kwenda chini hulinda uso wa juu, lakini hubana machicha ndani. Kwa kina kirefu nisingeigusa.

Sasa turudi kwa fundi na meza yake ya inchi tatu. Akiwa na biti mbili, moja yenye beringi juu na nyingine yenye beringi chini, kazi imekwisha bila kuagiza chochote. Kwanza aondoe nyama nyingi kwa bandisoo au jigsoo yenye bledi ndefu, aache milimita mbili tu nje ya mstari. Afunge patani juu, apite na biti yenye beringi upande wa shina hadi kina cha inchi moja na nusu au mbili. Kisha aondoe patani, aigeuze meza, na apite upande wa pili kwa biti yenye beringi nchani, beringi ikitembea juu ya ukuta aliokwisha kuukata. Ukuta huo ndio patani mpya. Makali ya milimita 50 yamekata 76, na yangekata hata karibu 100. Sharti lake ni moja na halisamehe: pasi ya kwanza iwe wima kabisa. Rauta ikilala kidogo kwenye kona, ambako nusu ya kitako iko hewani, mlalo huo utanakiliwa upande wa pili na utauona kwa macho. Ubao wa kuegemeza kitako, wenye unene sawa na meza pamoja na patani, huondoa tatizo hilo kwa gharama ya kipande cha mbao.

Kazi ya pili inayowapeleka watu kutafuta biti ndefu ni kitasa. Kasha la kitasa cha kawaida cha kuingia ndani ya mlango lina kina cha milimita 64 au 76, na unene wake unakaribia milimita 15. Hapa makali marefu ni upotevu mtupu, kwa sababu hakuna anayekata sentimita saba kwa pasi moja. Katika mbao ngumu pasi moja isizidi nusu ya kipenyo cha biti, milimita sita hivi, kwa hiyo sehemu ya makali inayofanya kazi wakati wowote ni hiyo sita ya mwisho. Kinachohitajika ni biti yenye makali mafupi, milimita 20 au 25, juu ya shingo ndefu ambayo haisugui kuta za shimo. Zipo, hutengenezwa hasa kwa vitasa na viungo vya ulimi, na ni imara kuliko zile zenye makali tangu juu hadi chini kwa vile shingo yake haikukatwa mifereji. Kwa milango michache, hata hiyo sioni haja nayo. Toboa safu ya mashimo kwa keekee au drili yenye biti ndefu ya mbao, safisha kuta kwa patasi, halafu tumia rauta kwa kile inachokiweza kuliko vyote: mdomo uliolingana na kitanda cha bamba la mbele, ambacho kina chake ni milimita tatu tu. Fundi mwenye mkono mwepesi humaliza kitasa kwa namna hii wakati mwenzake bado anahesabu pasi ya kumi.

Nguzo za kitanda za inchi nne kwa nne zinafuata mantiki hiyo hiyo. Shimo la kupita huchimbwa nusu kutoka kila upande, likipimwa kwa kona zilizotobolewa mpaka ng'ambo. Karakana inayochimba mashimo ya viungo kila siku ifikirie mashine ya patasi ya mraba, na ile inayochonga kingo nene kila wiki ifikirie spindo, ambayo mhimili wake wa milimita 30 hubeba visu vyenye kimo ambacho hakuna shina la nusu inchi litakalokibeba. Nimesikia pia wanaofunga biti ndefu kwenye drili ya kusimama na kusukuma ubao pembeni. Drili imejengwa kubeba mzigo wa kushuka. Ukiisukuma ubavuni, kichwa kilichoshikiliwa kwa mshikamano wa koni tu huweza kuchomoka kikizunguka.

Inabaki kazi ambayo biti ndefu inaihitaji kweli. CNC inayochonga milango ya mapambo yenye kina kikubwa ni mojawapo: mashine haitikisiki, inakwenda mwendo uleule, na inashuka milimita chache kwa kila mzunguko bila kuchoka wala kukasirika. Nyingine ni mfereji mwembamba ulioziba chini, mahali ambapo huwezi kugeuza ubao wala kupitisha msumeno. Anayeingia huko apunguze kasi ya mashine ikiwa inaruhusu, asogee kinyume na mzunguko wa biti ili isimkimbie, afyonze machicha kila pasi, na avae barakoa ya kweli. Vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na vifua vya wengi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Umeme ukikatika katikati ya pasi, azime swichi na kuchomoa waya kabla ya kufanya lolote, kwa sababu rauta iliyofungwa kwenye "washa" na biti yake imezama mbaoni itaamka peke yake umeme ukirudi.

Kwa anayeagiza, oda isiseme "biti ndefu". Itaje kipenyo cha kukata, urefu wa makali, urefu wa jumla, kipenyo cha shina kwa inchi au milimita kulingana na koleti aliyonayo, kabaidi tupu au ya kuchomelewa, makali yaliyonyooka au yaliyojipinda juu, na jina la mbao itakayokata. Aulize pia kasi ya juu inayoruhusiwa, ambayo watengenezaji wa Ulaya huichonga kwenye shina, aiweke kando ya kasi ndogo kabisa ya rauta yake, na ikiwa mashine haiwezi kushuka hadi hapo, pesa hiyo aipeleke kwenye bandisoo.